Ondoa Mjane, Ukurasa wa Pili

Jumatatu, 3 Juni

Muhtasari wa vikao vya kikundi nauandika kwenye daftari kubwa jeusi, na humo kila mtu ni muungwana: mwenyekiti alifungua kikao, wajumbe walichangia, kikao kilifungwa kwa sala. Haya mengine nitayaweka humu, kwenye daftari ambalo mwanangu Urban aliliacha nusu alipomaliza shule. Naona mwaka huu kuna mambo yanayotaka kuandikwa na mtu asiye muungwana.

Leo mwenyekiti wetu, Othmar, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ametuletea mgeni. Kijana mrefu, mkimya, anaitwa Ambokile, mwenyeji wa Tukuyu. Kazi yake ni usanifu. Si usanifu wa nyumba, ni wa vitu vya kutazamwa. Atachora nembo ya magunia yetu ya kahawa, atapanga kijitabu cha mwongozo wa mwanachama, na atatengeneza ukurasa wa kujisajili kwa simu.

Hilo la tatu ndilo lililoniinua kichwa. Othmar alisema ifikapo tarehe 15 Agosti kila mwanachama awe amejisajili upya kwa simu, na daftari la wanachama litafungwa. "Asiyekuwemo kwenye simu si mwanachama," akasema. Maana yake kahawa yake haitapokelewa kwenye mashine ya kumenya ya kikundi, na Septemba hatanyoosha mkono kwenye uchaguzi.

Daftari hilo nimelitunza mimi, katibu, kwa miaka tisa. Yamo majina mia moja arobaini na matatu, na kumi na tisa ni ya wajane, nami nikiwa mmoja wao. Othmar alipomaliza kusema aliniangalia akatabasamu. Simkumbuki akinitabasamia tangu msiba.

Jumatano, 5 Juni

Baridi. Ukungu haukuondoka hapa Maguu mpaka saa sita mchana. Kahawa bado kijani.

Jumamosi, 8 Juni

Ambokile amekuja ofisini, yaani kwenye chumba cha mbele cha ghala. Shikamoo yake nzuri, sina la kulaumu. Kisha akanionyesha ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Nusu nzima ya karatasi haina kitu.

"Wino umekwisha?" nikamuuliza.

"Hapana mama. Hiyo ni nafasi tupu. Macho yanahitaji mahali pa kupumua."

Mimi nilifundishwa kwamba nafasi tupu kwenye muhtasari hupigwa mstari wa kukata, toka kona hadi kona, ili asije mtu kesho akaongeza maneno ambayo kikao hakikusema. Nafasi tupu ni mlango ulioachwa wazi. Nilichukua rula nikaupiga mstari ukurasa wake. Alishtuka, kisha akacheka, akaenda kuchapisha mwingine.

Ijumaa, 14 Juni

Tumeanza kuchuma. Upande wa jua tu.

Jumatano, 19 Juni

Ukutani ghalani Ambokile amebandika karatasi tatu zenye nyuso. Ya kwanza imeandikwa: "Mama Tumaini, miaka 58, ekari moja na nusu, haoni vizuri, anaogopa kubonyeza." Nimeyapitia majina yangu yote. Hatuna Mama Tumaini. Hao wengine wawili nao hatunao.

Wanachama hewa! Tulishawahi kusikia watumishi hewa, walioandikwa bila kuwepo, na sasa wamepanda mlima mpaka kwetu. Nikamwita nikamuuliza mama huyu anaishi kitongoji gani.

"Haishi popote, mama. Ni mkulima wa mfano. Nikichora kitu namuuliza yeye kama atakiweza."

"Wakulima wa kweli mia moja arobaini na watatu wako nje wanachuma, wewe unauliza karatasi?"

Akatoa daftari lake dogo la jalada la bluu akaandika nilichosema. Sipendi mtu anayeandika maneno yangu. Najua mtu wa namna hiyo anavyokuwa, maana ndivyo nilivyo.

Jumamosi, 22 Juni

Leo anasema vistari vitatu vya kufungulia orodha kwenye simu vinaitwa hambaga, kama ule mkate wa nyama. Nilimwacha.

Alhamisi, 27 Juni

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi Ambokile alitoka kwenda kupiga picha kahawa kwenye vichanja, akaacha daftari lake la bluu juu ya meza yangu. Ningeweza kuandika kwamba lilikuwa wazi. Lilikuwa limefungwa. Nililifungua mimi.

Kurasa nyingi ni maneno tu, neno la Kiingereza na mbele yake la Kiswahili, kama kamusi. Nikafika ukurasa wenye tarehe ya juzi, nao una mambo ya kwetu. Nanakili kama yalivyo:

"Damu: mm 3 kila upande.
Mjane, uk. 2. Ondoa.
Yatima wawili, uk. 5. Ondoa au wavute juu.
Mwenyekiti ameafiki."

Nilisoma mara nne. Kisha nikafungua daftari la wanachama. Ukurasa wa pili una mjane mmoja tu, pale jina la mume wangu Ignatio lilipokatwa na juu yake nikaandika langu, Mektilda, kwa mkono wangu, wiki ya pili baada ya arobaini. Ukurasa wa tano wamo Kilian na dada yake, walioachiwa namba ya uanachama na baba yao. Yatima wawili. Hakuna wengine.

Niseme wazi ninachokiogopa, kisije kikanila ndani. Ignatio aliniachia miti mia sita na arobaini. Siku ya kuanua matanga Othmar aliniuliza, kwa upole kabisa, "Shemeji, utaliweza shamba kweli?" Nimeliweza misimu mitatu, kwa sababu kikundi kinapokea kahawa yangu. Nikitolewa kikundini nitaipeleka wapi ikiwa mbivu, niimenye kwa meno? Itaozea shambani, na Othmar ataitisha ukoo aseme: mnaona, limemshinda, lirudi kwetu. Na mimi si wa hapa. Ni Mnyasa wa Chiwanda, Mwanglikana, niliyepandishwa mlimani kwa ndoa miaka ishirini na saba iliyopita. Mpaka leo wapo wanaonisema kwa Kimatengo wakidhani sisikii.

Kumbe tabasamu lilikuwa hili.

Ijumaa, 28 Juni

Nimempelekea Bibi Albina ile nakala. Naye ni mjane, ana miaka sabini na mbili na ulimi usiozeeka. Kasoma, kaniuliza damu ni ya nani.

"Sijui, bibi."

"Milimita tatu ni kidogo," akasema. "Lakini kila upande."

Jumapili, 30 Juni

Othmar kasoma somo la kwanza kanisani kwa sauti yake nzuri. Sikusikia hata neno. Nilikuwa natazama shingo ya Ambokile, aliyekaa benchi la mbele yangu ametulia kana kwamba hakuna alichofanya.

Alhamisi, 4 Julai

Ndoo kumi na moja leo. Mkewe Othmar, Hilaria, alipita njiani na kikapu mgongoni, akanisalimia akainamisha kichwa. Hata yeye nimeanza kumpima.

Jumamosi, 6 Julai

Mkutano mkuu. Watu walijaa ghala mpaka nje.

Othmar alifungua, akamwita Ambokile aonyeshe kazi. Kabla hajafika mbele nilisimama. Nilisema: "Mwenyekiti, kabla ya picha, wanachama wasikie maneno." Daftari la bluu lilikuwa mezani, nikalinyanyua, nikausoma ule ukurasa kwa sauti ya darasani. Nilipofika "ondoa", wanawake wa nyuma walipiga kelele. Nilipofika "mwenyekiti ameafiki", mzee mmoja akasimama akashika fimbo. Nikamgeukia kijana wa watu nikamwita mwizi, nikamwita muuaji wa karatasi, nikasema mama yake kama yupo aone haya. Nilisema mengi. Mtu akiwa na hasira miezi mingi anakuwa nayo tayari tayari.

Ambokile alibaki amesimama, uso umekuwa wa majivu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naomba kijitabu."

Akakiinua, ukurasa wa pili, watu wote waone. Juu kabisa palikuwa na neno moja peke yake, "kikundi.", na chini yake ndipo aya nyingine ilipoanza. Akaeleza. Wapanga vitabu wana misemo yao. Neno au mstari wa mwisho wa aya, ukivuka peke yake kwenda ukurasa mwingine na wenzake wote wakabaki nyuma, wanauita mjane. Mstari wa kwanza ukibaki peke yake chini ya ukurasa, wanauita yatima. Unaondolewa kwa kubana maneno kidogo, usikae mpweke. Damu ni rangi inayopitishwa nje ya ukingo wa karatasi milimita tatu, ili kisu cha kukatia kisiache mstari mweupe. Maneno haya anayakusanya kwa Kiswahili kwa ajili ya mafundi vijana wa Mbeya. Mwenyekiti aliafiki kijitabu kipangwe vizuri, basi.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo mjane ni neno 'kikundi'?" na ghala zima likapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka yule mzee wa fimbo akaketi chini. Bibi Albina naye alicheka, namsamehe, maana hata mimi ningekuwa mwingine ningecheka.

Othmar hakucheka. Hilo ndilo lililonichoma. Alisema taratibu, kwa huruma ya mbele za watu: "Shemeji amechoka. Msimu ni mzito kwa mtu mmoja. Tumwache apumzike."

Ambokile alinifuata nje kuchukua daftari lake. "Mama," akasema, "ungeniuliza."

Jumatatu, 8 Julai

Watoto njiani wananiita Mama Damu. Nimewaachia wachumaji shamba kwa siku tano, nashuka ziwani kwa kaka yangu Aidan. Muhtasari wa Jumamosi sijauandika.

Jumatano, 10 Julai, Chiwanda

Upepo wa mwera unavuma tangu jana, ziwa limechafuka, mitumbwi yote iko juu ya mchanga. Usipa, dagaa wa ziwani, ulioanikwa jana umejaa vumbi. Nimekula ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchemsha, nikalala mchana kama mtoto. Hapa hakuna anayeniuliza kitu. Nilimwona kaka akiniangalia kwa jicho la pembeni, nikajua habari za kule zimenitangulia, ila ana adabu.

Ijumaa, 12 Julai, Mbamba Bay

Binti yake kaka, Loveth, ana duka la kuchapa na kutoa nakala hapa Mbamba Bay. Nilimfuata kwa sababu mtandao ni mzuri, nikasema nijisajili huku huku, nimalize, nisionane na mtu.

Loveth akaufungua ukurasa wa Ambokile kwenye simu yake. Niseme ukweli, ni mzuri. Herufi kubwa, rangi ya kahawa mbivu, kitufe kimoja tu chini. Nikajaza jina. Kitongoji. Idadi ya miti. Nikabonyeza kitufe. Hakikuitika. Kilikuwa cha kijivu.

"Shangazi, umeruka hapa," Loveth akasema. "Wanataka jina la mume."

Nikavaa miwani. Pameandikwa: "Mkuu wa kaya (jina la mume)". Pembeni kuna nyota ndogo nyekundu, ya ukubwa wa mbegu ya mchicha.

"Nyota ni ya nini?"

"Ya lazima. Penye nyota usipojaza, kitufe hakiamki."

"Na mwanamume akijaza?"

Loveth akafuta, akaweka jinsia ya kiume. Ile sehemu ikatoweka. Kitufe kikawa kijani hapo hapo, bila kuulizwa mke.

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki muda mrefu. Loveth alitaka kuandika Ignatio ili tumalize. Nikamshika mkono. Nilitafuta wajane kwenye kijitabu, nikawakosa, nikachekwa, kumbe walikuwa wamefungiwa nje na nyota. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ila sasa nani atanisikiliza? Mama Damu kaja tena, watasema, safari hii kaogopa nyota.

Na huyu kijana, alinieleza kwa upole vile, kumbe hiki alikuwa nacho mfukoni?

Jumapili, 14 Julai

Nimerudi. Vichanja viwili vya kahawa vimeshika ukungu. Sijasema kwa mtu.

Ijumaa, 19 Julai

Othmar kapita kunijulia hali. "Umeshajisajili, shemeji?" Nikasema macho yananisumbua. "Nitakujazia mimi," akasema. Nikamshukuru, ila simu sikumpa. Kuna shukrani zinazotoka kama mwiba.

Jumanne, 23 Julai

Ambokile ametangaza siku ya jaribio, Jumamosi. Atachagua watu watano watumie ukurasa mbele yake, na ataonyesha simu ukutani kwa mashine ya mwanga ili wote tujifunze. Anasema watano wanatosha kuonyesha karibu kasoro zote.

Nilikwenda nikamwamkua mimi kwanza, akasimama haraka. Nikamwambia kama anamtafuta yule Mama Tumaini wake, asiyeona vizuri na anayeogopa kubonyeza, tunaye wa kweli, Bibi Albina. Akanitazama usoni kwa muda. Nadhani alikuwa anatafuta mtego, na alikuwa na haki. Kisha akaandika jina.

Jumamosi, 27 Julai

Nitaandika mpaka kalamu ikate.

Ghala lilijaa, maana watu walisikia kuna picha ukutani. Othmar alikaa mbele na kofia yake magotini. Mimi nilikaa mwisho, karibu na magunia, na muhtasari mapajani. Ambokile alitaja sheria: "Msimsaidie. Msimwelekeze. Akikwama, anayekosea si yeye, ni ukurasa."

Wanaume watatu walimaliza upesi, wakapigiwa makofi. Ukuta uliandika kwa rangi ya kahawa, "Hongera, umekuwa mwanachama." Wa nne, mama mmoja wa bondeni, alimwita mumewe aje ajaze, licha ya sheria, wakamaliza pamoja, na watu hawakuangalia vizuri kilichoandikwa. Mimi niliangalia, ila nikanyamaza.

Kisha Bibi Albina. Alishika simu kwa mikono miwili kama anashika kifaranga. Jina lake aliliandika mwenyewe, herufi moja moja, na ghala zima likasoma naye kwa sauti. Kitongoji. Miti, mia mbili na kumi. Akabonyeza. Kijivu. Akabonyeza tena.

"Imekufa?" akauliza.

Hakuna aliyejibu, kwa sheria. Nilimtazama Ambokile. Alikuwa amekunja mikono, taya zimekaza.

Albina akasogeza uso karibu. "Mkuu wa kaya. Jina la mume." Akainua kichwa akatuangalia wote. "Mume ninaye wapi? Wendelin nilimzika mwaka ule wa mvua kubwa. Na wewe Othmar ulibeba jeneza."

Watu wakacheka kidogo. Othmar akasema, "Bibi, andika tu jina lake, ni utaratibu."

Akaandika. W, e, n. Kitufe kikaamka, kijani kama jani la mgomba. Akabonyeza. Ukuta ukasema:

"Hongera, Wendelin! Umekuwa mwanachama. Wategemezi: 1."

Bibi Albina alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akageuza simu akaitazama mgongoni, kama anatafuta mtu aliyejificha huko.

"Marehemu amefufuka bila kuniaga," akasema. "Na mimi nimekuwa mtegemezi wake. Basi Jumatatu mpelekeeni yeye kikapu cha kuchumia. Makaburini mnakujua."

Walicheka, ila hakikuwa kicheko cha tarehe sita. Kilianza kwa wanawake na kikaishia kwa wanaume vibaya. Yule mama wa bondeni akasimama akauliza yeye ukuta ulimwandika nini. Ambokile akarudisha nyuma. "Wategemezi: 1." Yuko hai, mumewe yuko hai, kahawa anachuma yeye, na ni mtegemezi. Mama mwingine akasimama. Kisha mwingine. Kilian akauliza dada yake, ambaye hana mume, ataandika nani.

Othmar akanyanyuka. "Hili ni jambo la kamati. Litajadiliwa."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na sikupaza sauti, maana nilikuwa nimechoka na sauti yangu mwenyewe. "Mwenyekiti, kamati ni watu watano. Wanne wako humu, na wewe ni wa tano. Wanaotaka sehemu ya mume iondolewe wanyooshe mkono, katibu yuko tayari kuandika."

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa yule mzee wa fimbo, ambaye naye ni wa kamati. Nilihesabu minne, nikiweka na wangu. Othmar alikaa na kofia yake.

Ambokile hakungoja kuambiwa. Aliinama kwenye kompyuta, dakika mbili, hazikuzidi. Ile sehemu ya mume ikaondoka ukutani tukiitazama. Akampa Bibi Albina simu tena. Jina, kitongoji, miti. Kijani.

"Hongera, Albina! Umekuwa mwanachama."

"Soma tena," akamwambia Ambokile. Akasoma tena. Bibi akalia, na mimi nikalia kwenye muhtasari, wino wa ule ukurasa umetawanyika.

Jumatatu, 29 Julai

Nilimfuata Ambokile na mkungu wa ndizi kuomba radhi. Nilisema nimekosa, nilikuita mwizi na hukuwa mwizi.

Alipokea mkungu akauweka chini. "Orodha ya vitu vya kujaza alinipa mwenyekiti kwa karatasi," akasema. "Nilipanga nilivyopewa. Lakini mama, nikuambie ukweli. Baada ya ule mkutano niliiona ile nyota nikajua maana yake. Nikanyamaza. Ulikuwa umenitukana mbele za watu, umemtaja na mama yangu. Nikasema moyoni, acha ajionee mwenyewe."

Kama ningeuliza kwanza siku ile, badala ya kufungua daftari lisilo langu, nyota ile ingetoka wiki tatu kabla. Wajane kumi na wawili walikuwa wameshajisajili, kila mmoja mtegemezi wa kaburi. Tumetumia siku nzima kuwarudisha, na mwisho nikajaza langu.

Jumamosi, 3 Agosti

Ambokile anatafuta neno la Kiswahili la kitu ambacho mashine hukuchagulia wewe usipochagua mwenyewe. Nikamwambia kule kwetu tunakiita mazoea. Kaandika. Nimemwachia aandike.

Alhamisi, 8 Agosti

Mchumo wa tatu. Othmar hajanisalimia wiki mbili. Kanisani kasoma kwa sauti ile ile. Namwogopa zaidi akinyamaza, nikiona moshi jikoni kwake nahisi ukoo unakutana.

Jumatano, 14 Agosti

Kesho ndiyo mwisho, na keshokutwa orodha ya wanachama itabandikwa ghalani. Asubuhi nilikuwa naosha kahawa nikasikia hodi, kumbe Hilaria, mke wa Othmar. Hajawahi kukanyaga kwangu peke yake tangu msiba. Alisimama mlangoni, kanga kaishika shingoni, anaangalia njia aliyotoka.

Moyo wangu ukafanya kazi yake ya siku zote. Katumwa, nikasema. Kaja kuangalia nimejaza nini, miti mingapi, nani anakuja kwangu. Nikamkaribisha kiti, nikamwekea chai, sikusema neno lolote ambalo lisingeweza kurudishwa kwa mumewe.

Alikunywa nusu kikombe. Kisha akatoa simu kwenye kifundo cha kanga, simu ya binti yake, akaiweka mezani.

"Dada, naomba unionyeshe pa kuandika jina langu."

"Nyumba yenu imeshasajiliwa," nikasema. "Kwa jina la Othmar."

"Ile miche mia tatu ya kule bondeni niliipanda mimi. Mbolea nilibeba mimi, kichwani. Wewe unajua, ulinipita ukaniona." Akaisogeza simu kwangu. "Nataka nayo iwe na jina."

Nilimtazama kwa muda mrefu, nikitafuta mtego kwa macho yote niliyonayo. Niliona mikono yake, imepasuka na baridi kama yangu, na wino wa maganda ya kahawa chini ya kucha. Nikasogeza kiti karibu naye. Akaandika mwenyewe, polepole, akinigeukia kila herufi. Ilipobaki kubonyeza tu, nilimshika kiwiko.

"Othmar anajua?"

Akabonyeza kwanza. Kisha akanywa chai iliyobaki, akakiweka kikombe chini.

"Atajua orodha ikibandikwa."